Mtoto akigonga mtu kwa pikipiki, mwenye kutoa ufunguo ndiye alipe

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, kutoka Bunia mpaka Uvira, kutoka Butembo mpaka Kindu, si ajabu tena kuona kijana wa miaka 15 ao 16 akibeba watu watatu juu ya pikipiki. Hana kofia, hana permi, na pikipiki inaposimama miguu yake inafika chini kwa shida. Abiria wanapanda kwa sababu bei yake iko chini, ao kwa sababu yeye ndiye alifika wa kwanza. Polisi wa roulage anamsimamisha, anapokea kitu kidogo, anamwacha aende. Kila mtu anajua, kila mtu ananyamaza. Siku mtoto huyo anapogonga mama mwenye kutoka sokoni, ndipo swali linaanza kuzunguka katika mtaa: nani atalipa?

Jibu lenye kusikika mara nyingi ni hili: « Huyu ni mtoto, sheria haimfungi, basi mpatane tu. » Kisha familia ya mtoto inaleta pesa kidogo ya dawa, bosi mwenye pikipiki haonekani, na mama aliyevunjika mguu anabaki hospitalini na deni. Jibu hilo limeumiza familia nyingi sana. Nusu yake ni kweli, na nusu nyingine ni uongo. Ni kweli kwamba sheria inalinda mtoto asitupwe gerezani kama mtu mzima. Ni uongo kusema kwamba kwa sababu hiyo hakuna mwenye kulipa.

Kufungwa na kulipa ni mambo mawili

Katiba ya RDC, katika kifungu cha 41, inasema kwamba mtoto ni kila mtu mwenye hajatimiza miaka 18. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, yenye kuhusu ulinzi wa mtoto, inaendelea na mstari huo. Mwenye hajafikisha miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai hata kidogo. Mwenye umri wa miaka 14 mpaka kabla ya 18 anapelekwa mbele ya tribinali ya watoto, na huko hakimu anatafuta namna ya kumrekebisha, si namna ya kumtesa. Hiyo ni sheria nzuri. Haifai mtu kuichukia eti kwa sababu mtoto fulani aliharibu.

Lakini watu wengi wanasoma sheria hiyo nusu. Ni sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 96, yenye kusema kwamba hata mtoto wa chini ya miaka 14 akiachiliwa na hakimu, kuachiliwa huko hakufuti malipo ya hasara ambayo mwathirika alipata. Kwa maneno mengine, hakimu anaweza kumrudisha mtoto nyumbani asubuhi, na mchana deni la mguu uliovunjika likabaki palepale. Mlango wa gereza umefungwa. Mlango wa fidia uko wazi.

Na sheria ya fidia yenyewe si mpya. Iko katika kitabu cha tatu cha Code civil, chenye kutoka kwenye dekrete ya tarehe 30 Julai 1888, na mpaka leo tribinali zinaitumia. Kifungu cha 258 kinasema kwamba mtu mwenye kuleta hasara kwa mwenzake kwa kosa lake analazimika kuitengeneza. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba si lazima awe alikusudia. Uzembe na kukosa uangalifu vinatosha. Na kifungu cha 260 ndicho kinagusa moja kwa moja kesi ya watoto wenye kuendesha: mtu anajibu pia kwa hasara yenye kuletwa na watu walio chini yake, na kwa vitu vilivyo katika ulinzi wake.

Nani anabeba deni

Kifungu hicho cha 260 kinataja watu kwa zamu. Wa kwanza ni wazazi, kwa mtoto mdogo mwenye kuishi pamoja nao. Baba mwenye kununua pikipiki ya TVS na kumpa kijana wake wa miaka 16 ili « asikae bure » wakati wa likizo, ao tajiri mwenye kumwachia mtoto wake jeep siku ya arusi, hawezi kusema kwamba alishangaa. Sheria inampa mzazi njia moja tu ya kutoka: aonyeshe kwamba hakuweza kuzuia jambo lile. Mzazi aliyeficha ufunguo, na mtoto akavunja kabati usiku na kuiba gari, anaweza kujaribu kuelezea hivyo mbele ya hakimu. Mzazi aliyempa mtoto ufunguo kwa mkono wake atawezaje kusema hakuweza kuzuia? Wazee walisema: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Huku barabarani mwenye kulia wa kwanza ni mtu mwingine kabisa, mwenye hakumzaa mtoto huyo.

Lakini kuna shida ambayo wengi hawaioni. Sheria inasema mtoto « mwenye kuishi pamoja nao ». Vijana wengi wenye kuendesha pikipiki mjini hawaishi na wazazi wao. Walikimbia vita Masisi, Walikale, Djugu ao Fizi. Wanalala kwa mjomba, kwa shangazi, ao wanakodi chumba kimoja watu wanne. Baba yuko kijijini ao alikufa. Familia ya mwathirika ikitafuta mzazi wa kulipa, haipati mtu. Ni hapo wengi wanakata tamaa, na ni hapo wanakosea, sababu wanaacha kumtazama mtu wa pili: bosi.

Kila jioni kijana huyo anapeleka versement. Yupo mtu mwenye kuipokea. Ni mtu huyo alinunua pikipiki, ni yeye anaamua kijana alete pesa ngapi kwa siku, ni yeye anaweza kunyang'anya ufunguo kesho asubuhi na kumpa mwingine. Kifungu cha 260 kinasema kwamba mabwana na wenye kutuma watu kazi wanajibu kwa hasara yenye kuletwa na wafanyakazi wao ndani ya kazi waliyowapa. Na kwa bosi, sheria haikuweka ule mlango wa kutokea uliowekwa kwa wazazi. Hawezi kusema « sikuweza kuzuia ».

Mabosi wengi watajibu: « Mimi si bosi wake, nilimkodisha pikipiki tu. » Jibu hilo lisikubaliwe haraka. Hakimu anapaswa kuangalia nani alikuwa na amri juu ya kazi na juu ya chombo. Tena hata kama neno « bosi » lingekataliwa, bado kuna kosa la mwenyewe: kumpa mtoto bila permi chombo chenye kuweza kuua ni uzembe wenye vifungu vya 258 na 259 vinazungumuzia. Hapo mwenye pikipiki halipi kwa kosa la mtoto. Analipia kosa lake yeye mwenyewe.

Wa tatu ni fundi. Katika magaraji ya miji yetu, vijana wadogo wanajifunza kazi, na desturi ni kwamba pikipiki ya mteja ikitengenezwa, mwanafunzi anaipeleka « essai » barabarani. Ajali nyingi ndogo zinatokea katika essai hizo. Sheria inamtaja fundi kwa jina la kazi yake: anajibu kwa mwanafunzi wake wakati wote mwanafunzi yuko chini ya uangalizi wake, isipokuwa aonyeshe kwamba hakuweza kuzuia. Fundi mwenye kusema « mtoto alichukua pikipiki bila ruhusa », huku kila siku mtaa mzima unamuona akimtuma, atapata shida ya kuaminiwa.

Bima ya kuonyesha roulage tu

Kuna mtu wa nne mwenye angepaswa kuwa wa kwanza: shirika la bima. Tangu amri-sheria namba 73/013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo chenye mota kinapaswa kuwa na bima kwa ajili ya hasara kinayoletea watu wengine. Kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake katika kazi hiyo. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko kwa mashirika mengine, chini ya uangalizi wa ARCA, na tangu mwaka 2019 makampuni ya watu binafsi yalianza kupewa ruhusa.

Kwa hiyo, mtu angefikiri kwamba mwathirika atalipwa haraka. Lakini katika maisha ya kila siku, bima ya pikipiki imekuwa karatasi ya kumuonyesha polisi. Wenye pikipiki wengi hawana bima kabisa. Wenye nayo hawajui namba ya mkataba wao. Na ajali ikitokea, dereva akiwa mtoto bila permi, mlango wa bima unakuwa mgumu zaidi, kwa maana mikataba ya bima kwa kawaida inaandikwa kwa dereva mwenye permi ya haki.

Hapo panahitajika uamuzi wa wazi wa watunga sheria na wa ARCA: mwathirika alipwe kwanza, kisha shirika la bima limfuate mwenye pikipiki na kumdai pesa yake. Ufaransa inafanya hivyo. Huko kukosa permi kwa dereva si sababu ya kumnyima malipo mpita njia aliyegongwa, lakini shirika linaweza kumgeukia mwenye kosa baadaye. Mama mwenye kutembea kando ya barabara hakuweka sahihi katika mkataba wowote. Hakuchagua dereva. Haifai yeye ndiye alipe kosa la mkataba ambao hajawahi kuuona.

Kuna shida nyingine ndogo yenye matokeo makubwa. Pikipiki zinauzwa mkono kwa mkono bila kubadilisha jina kwenye carte rose, na nyingine hazina hata plaki. Siku ya ajali, karatasi inaonyesha mtu aliyeuza pikipiki miaka mitatu iliyopita, huku mwenye kupokea versement hana jina popote. Kubadilisha jina si jambo la kupendeza serikali tu. Mwenye kuuza bila kubadilisha jina anajiweka katika hatari ya kuitwa kwa ajali asiyoijua.

Kupatana ndiyo, kunyamazishwa hapana

Wengi watasema kwamba tribinali ni mbali, ni ghali, na kwamba tangu zamani watu wa huku wanamaliza mambo kwa kupatana. Ni kweli, na si vibaya. Hata sheria ya 2009 inajua njia ya mapatano kwa makosa mepesi ya watoto. Familia mbili zenye kuishi katika mtaa mmoja zinahitaji kusalimiana kesho. Mapatano mazuri yanaweza kumlipa mwathirika kwa mwezi mmoja, wakati kesi inaweza kuchukua miaka.

Lakini kile kinachoitwa kupatana leo mara nyingi ni kitu kingine. Kinafanyika ofisini kwa polisi, siku ya pili ya ajali, wakati mgonjwa bado hajapigwa hata radio ya mfupa. Pikipiki imekamatwa, mtoto yuko kachoni pamoja na watu wazima, jambo ambalo sheria inakataza. Mzazi anatoa pesa ili mtoto atoke. Bosi anatoa pesa ili pikipiki itoke. Pesa hizo zinaishia mezani pa ofisi. Mwathirika anapata kilichobaki: pesa ya dawa za siku chache, ao sanduku la kuzikia kama mtu alikufa. Na kabla ya kuipokea anaambiwa aweke sahihi kwamba « mambo yamekwisha ».

Mambo hayajaisha. Mguu uliovunjika unaomba miezi. Mama mwenye kuuza samaki hakai miezi sita bila kuuza pasipo mtaji wake kuisha, watoto kurudishwa shuleni kwa kukosa minervale, na nyumba kudaiwa kodi. Hospitali nyingine zinamzuia mgonjwa aliyepona kwa sababu hajalipa. Aliyekufa aliacha watu wenye kula kutoka mkono wake. Hesabu ya haki inapaswa kuwa na vitu hivi vyote: matibabu, kazi iliyopotea, kilema kama kimebaki, watoto wa marehemu, na uchungu wenyewe, kwa maana sheria inajua pia hasara ya moyo.

Mapatano ya kweli yana alama zake. Yanafanyika baada ya daktari kuandika ugonjwa na muda wa kupona. Yanaandikwa, na majina ya mashahidi yanawekwa. Mwenye pikipiki anakuwapo, si mtoto na mama yake tu. Na malipo yakigawanywa kwa miezi, tarehe zinaandikwa. Bila hayo, ni kumnyamazisha mwenye kuumia kwa bei ndogo.

Upande mwingine wa kosa hili ni hasira ya kundi. Mahali pengi, mtoto akigonga mtu, watu wanamkamata, wanampiga, wanachoma pikipiki. Wenye kufanya hivyo wanafikiri wanasaidia mwathirika. Wanamuumiza mara ya pili. Pikipiki iliyochomwa ndiyo ilikuwa mali pekee yenye ingeweza kuuzwa ili kulipa hospitali, na mtoto aliyeuawa ndiye angesema nani alimpa ufunguo.

« Lakini ni umaskini »

Neno hilo linarudi kila mara, na linastahili jibu. Kijana wa miaka 15 haendeshi kwa kupenda upepo. Baba alikufa, shamba liko mahali pa vita, wadogo wake wanataka kula. Ukimkataza pikipiki, umempa nini? Ni swali la haki, na serikali ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Hata hivyo umaskini wa dereva haufuti umaskini wa aliyegongwa. Mara nyingi wote wawili wanatoka katika mtaa mmoja, hata katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani. Kati yao kuna mtu wa tatu mwenye si maskini sana: mwenye kununua pikipiki mbili, tatu ao tano. Anachagua mtoto kwa sababu mtoto hajui kukataa. Mtu mzima angeuliza kuhusu breki na bima. Mtoto anakimbia ili atimize versement. Faida ya umri mdogo inaingia mfukoni mwa bosi. Ni haki hasara yake pia iingie mfukoni humo humo. Siku mabosi watajua kwamba ajali moja ya dereva mdogo inaweza kuwala pikipiki zote, hawatangoja polisi ili watafute dereva mwenye miaka 18 na permi.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinaua kuliko sababu nyingine yote watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Kwa hiyo mtoto mwenye kushika usukani ni mwathirika anayengoja siku yake, kama vile mtu mwenye kupita mbele yake.

Kinachoweza kufanyika sasa

Mashirika ya madereva wa pikipiki yana nguvu katika kila mji. Yanajua nani anaendesha, katika parking gani, na pikipiki ni ya nani. Yanakusanya michango. Yangeweza kukataa kuandikisha mtu mwenye hana miaka 18, kuandika jina la mwenye pikipiki pembeni ya jina la dereva, na kuweka sehemu ya mchango katika sanduku la wenye kuumia, kama vile akina mama wanavyofanya likelemba yao. Hilo halihitaji sheria mpya kutoka Kinshasa.

Komine na polisi wa roulage wangepaswa kuacha kumtoza mtoto pesa barabarani na kumwacha aendelee. Pikipiki ibaki, mtoto arudishwe kwao, na mwenye pikipiki aitwe mwenyewe kuja kuichukua. Kila pesa ndogo yenye kupokelewa pale kona ni ruhusa ya ajali ya kesho.

Na familia zenye kuumia zisilale. Zichukue mapema majina ya mashahidi, namba ya pikipiki, karatasi za hospitali na risiti zote za dawa. Ziulize swali la kwanza: versement inapelekwa kwa nani? Zidai ripoti ya polisi, ile procès-verbal, kwa maana bila hiyo kesi inakuwa neno dhidi ya neno. Mwenye hana uwezo anaweza kuomba cheti cha indigence, na kutafuta ofisi ya ushauri wa bure ya barreau ya mawakili. Zisingoje miaka, kwani kesi ya jinai ina muda wake na ukipita inazimika. Huko Goma na Bukavu, ambako tangu miji hiyo iingie mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa mwaka 2025 tribinali za serikali hazifanyi kazi kama zamani, kutunza karatasi hizo ni lazima zaidi: siku haki itarudi, itauliza ushahidi.

Mwisho, wazazi na mabosi wajue jambo moja. Sheria haikumpa mtoto ruhusa ya kugonga watu bila kulipa. Ilisema tu kwamba asibebeshwe mzigo wa mtu mzima. Mzigo huo haukupotea njiani. Uko mabegani mwa yule aliyemtazama mtoto asubuhi, akajua umri wake, akajua hana permi, na bado akanyoosha mkono kumpa ufunguo.